Viambato Vingine

Kiwandani, 4 Februari

Dada Sindano,

Shikamoo. Acha cherehani kwanza ukae vizuri, maana nina habari. Tangu Jumatatu mdogo wako ndiye mkuu wa chumba cha kuchanganyia. Nina koti jeupe lenye mifuko miwili, nina ufunguo wangu mwenyewe, na kuna watu wanne wanaoniita bosi bila kucheka. Mama umwambie taratibu, asije akautangazia mtaa mzima kwamba nimenunua kiwanda.

Pamoja na barua hii utapokea makopo manne ya vidonge vya vitamini, vile vya kutafuna. Si vile vya mwaka jana ambavyo Mama alisema ni kama kutafuna chaki. Hivi vina mkono wangu. Unajua, vitamini yenyewe ndani ya kidonge ni punje tu, ukiimwaga mezani unaweza kuipuliza bila kujua. Kinachofanya kidonge kionekane ni kijazio, yaani unga mwingine tunaouongeza ili mashine ipate kitu cha kushindilia na mtu apate kitu cha kushika. Miaka yote tulijaza wanga wa mahindi. Meneja alipotaka unga unaoteleza vizuri zaidi kwenye mashine, mimi nikapendekeza mmoja. Wakaujaribu, wakaukubali, na koti likaja.

Jina la unga huo sikuambii. Nataka Mama auonje mwenyewe. Unakumbuka chumba cha nyuma cha zahanati, Baba alipokuwa akigawa dawa? Ile chupa ya mdomo mpana kwenye rafu ya chini? Alikuwa akitulipa kwa kuhesabu vidonge. Kila mia moja, ncha ya kidole. "Lamba, kisha unyamaze." Wewe ulikuwa ukidanganya hesabu, mimi nikihesabu mara mbili. Mpaka leo nikifumba macho naisikia feni ile mbovu, na Baba akikohoa kwa vumbi la dawa zake.

Atafune sita kwa siku, kama lebo inavyosema. Kisha niandikie alivyofanya uso. Usiache hata kope.

Kitinda wako


Nyumbani, 25 Februari

Bosi,

Marahaba. Nakuita bosi mara moja tu, na hiyo imeshapita.

Makopo yamefika. Nilimpa Mama kimoja baada ya chakula cha mchana. Akakitia mdomoni na ile sura yake ya kumvumilia mtu. Akatafuna mara mbili, akaacha. Nikadhani jino limevunjika. Akafumba macho, Kitinda. Akakaa hivyo muda wa kutosha mimi kushona mfuko mmoja wa shati. Halafu akainuka, akaenda kukaa kwenye kiti cha Baba, kile ambacho hakikaliwi na mtu tangu msiba. Nikamuuliza, "Vipi, Mama?" Akasema, "Mwambie ni vizuri." Nikamwambia hiyo tu haitoshi, mwanao anataka habari za kope. Akasema, "Mwambie ni vizuri sana."

Basi, hongera. Mimi pia nilionja, na nusura nilie juu ya kitambaa cha mteja. Nimeiona ile chupa, nimeliona hata lile koti la Baba lenye doa la zambarau mfukoni. Na kuhusu kudanganya hesabu, sikudanganya. Nilikuwa nakadiria.

Alipomaliza akaomba chai yake kavu kama kawaida. Maisha yanaendelea.

Sindano


Kiwandani, 20 Machi

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma mara nne, moja nikiwa chooni kazini ili wale wanne wasimwone bosi akifuta machozi.

Hiyo chai kavu ndiyo iliyonimaliza. Unakumbuka miaka ile maziwa yalipokuwa yakija chupa moja kwa siku? Baba kikombe, wewe kikombe, mimi kikombe. Mama anasukuma chupa mezani, anasema, "Kunyweni, mimi nipeni kavu." Miaka yote ile! Ametuachia maziwa mpaka ulimi wake ukazoea kukosa. Nimekuwa na jambo hilo moyoni tangu nianze kupata mshahara. Kila kidonge ninachomtumia nakihesabu kuwa tone moja la maziwa yale. Usimwambie, atasema natia chumvi.

Makopo mengine sita nimempa dereva wa mzigo, atayaacha kwenye lile duka lenye simu. Hapa vidonge vinasifiwa kila mahali. Juzi tulikuwa na kikao. Mzee wetu mkaguzi, yule anayevaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, aliuliza kwa nini jina la kijazio kipya lisiandikwe kwenye lebo. Meneja akasema lebo inatosha ilivyo: vitamini zenyewe, halafu mwishoni "viambato vingine". Akamuuliza, "Hiki ni chakula, mzee. Kitamdhuru nani?" Tukacheka wote. Hata mimi. Ni kweli, dunia nzima inajazia vidonge unga huo na watu ni wazima.

Mama anaendeleaje? Nguvu zimeongezeka?

Kitinda


Nyumbani, 22 Aprili

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zimenielemea, kuna sare za kwaya ishirini na mbili na kila mwanakwaya ana kitambi chake.

Mama hajambo. Anakusalimu. Makopo yalifika. Anavipenda vidonge vyako, hilo usiwe na wasiwasi nalo hata kidogo. Tunaendelea vizuri. Mvua imenyesha.

Nilitaka kukuuliza kitu, bila sababu yoyote. Unakumbuka Baba alianzaje kuumwa? Wewe ndiye uliyekuwa nyumbani wakati ule. Yaani zile wiki za mwanzo kabisa, kabla hawajasema kuwa ni saratani ya tumbo. Alikuwa anasikia nini?

Ni kukumbuka tu.

Sindano


Kiwandani, 6 Mei

Dada,

Barua yako haina tusi hata moja. Hujawahi kuniandikia barua isiyo na tusi, hata Baba alipofariki uliniita kichwa cha nazi. Kuna nini?

Baba alianza kwa tumbo kujaa. Alikuwa akifungua kishikizo cha suruali kila akimaliza kula, anasema chakula kimekuwa na hewa. Kisha akaanza kukimbilia chooni, kisha akaanza kukonda. Alijitibu kimyakimya kwa dawa za rafuni kwake ili asitutie hofu. Namkumbuka akipima mchanganyiko wake kwa mizani ile ndogo, mkono hautetemeki, ananiambia, "Hii ni ya mzee mmoja hivi." Mzee mwenyewe alikuwa yeye. Tulipojua, tulikuwa tumechelewa. Ndiyo sababu siwezi kuvumilia kufichwa, na wewe unalijua hilo vizuri.

Unanificha nini? Nijibu upesi.

Kitinda


Nyumbani, 18 Mei

Kitinda, kichwa cha nazi,

Haya, umenishinda. Nilikula kiapo mbele ya Mama, na sasa nakivunja.

Mama anaumwa. Alianza mwanzoni mwa Machi. Tumbo linamjaa na kunguruma, mtu aliye sebuleni analisikia. Anaharisha. Hali kitu. Nimepunguza gauni lake la kijani mara tatu, na mara ya mwisho nilishona huku sioni sindano kwa machozi. Alinikataza kukuandikia. Alisema, "Mwache mtoto afurahie koti lake."

Nilimpeleka kwa daktari mwezi uliopita, na wiki hii tena. Aliposikia habari za saratani ya Baba, na kwamba Mama alikula naye sahani moja miaka thelathini, akaandika tu. Amesema mpaka tarehe sita Juni, kama hakuna mabadiliko, atafunguliwa tumbo waone kuna nini. Ametuambia wazi kwamba kwa umri wake na moyo ule, si jambo jepesi. Mama alisaini karatasi kana kwamba anapokea kifurushi.

Daktari aliuliza anatumia dawa gani. Mama akajibu hakuna. Nikamwambia, vipi vidonge vya Kitinda? Akanikata jicho: "Hiyo si dawa. Ni mwanangu." Tena nikuambie, hatafuni sita. Kadiri anavyodhoofika ndivyo anavyoongeza. Anakaa kwenye kiti cha Baba na kopo mapajani. Kopo la mwezi sasa linaisha kwa siku tisa. Kama ni nguvu, si angekuwa anabeba magunia?

Halafu muuguzi akamuuliza kama anakunywa maziwa. Mama akasema, bila hata kufikiri, "Maziwa sijayagusa tangu niolewe, yananivuruga tumbo." Kumbe hakuwa akituachia! Nilitaka kucheka, nikakumbuka tulipo.

Njoo, Kitinda. Ukiweza, njoo kabla ya tarehe sita.

Dada yako


Kiwandani, 24 Mei

Dada,

Simu ya jana ilikatika mimi nikiwa bado nalia, sijui ulisikia nini. Naandika tena hapa yote, umpelekee daktari karatasi hii kama ilivyo. Dereva anaondoka sasa hivi.

Mwachishe Mama vidonge. Vyote. Ulivyobakiza vimwage jalalani, na kopo lifuate.

Kijazio nilichokipendekeza ni sukari ya maziwa. Ndiyo unga uliokuwa kwenye ile chupa ya Baba. Ni salama kwa watu wengi, na kwa vidonge vichache hata wengi wasioelewana na maziwa hawasikii kitu. Lakini kuna matumbo yasiyoweza kuisaga kabisa, inachacha ndani, inaleta hewa na kuharisha. Vidonge vyetu ni vikubwa. Nimepiga hesabu kwenye mizani yangu mwenyewe: vidonge ishirini ni sawa na kumnywesha Mama glasi mbili kubwa za maziwa. Kila siku. Karibu miezi mitatu.

Mwambie daktari asubiri kabla ya kumpasua. Nakuomba, Dada. Inawezekana pia ni ule ugonjwa wa Baba, na mimi najidanganya tu, lakini asubiri aone.

Nilichagua unga ule kwa sababu ulikuwa mtamu kwangu. Kulikuwa na mwingine ulioteleza vizuri vilevile, wa nyuzi za miti, usio na ladha. Nikauonja huu, nikakiona chumba cha Baba, nikasema huuhuu. Sikuuliza mtu. Nimekuwa nikimlipa Mama maziwa ambayo hakuwahi kutudai, na nikamlipa kwa maziwa hayohayo.

Nimeomba ruhusa. Wameninyima hadi mzigo wa mwezi uishe.

Kitinda


Nyumbani, 4 Juni

Kichwa cha nazi,

Kaa chini. Siku ya tatu tumbo lilinyamaza. Siku ya tano aliomba uji, akaumaliza, akaniuliza kama nimesahau kupika au kuna kitu kingine kinakuja. Leo amenigombeza kwa kulibana sana gauni la kijani. Sijawahi kugombezwa nikafurahi hivi.

Daktari alisoma karatasi yako akiwa amesimama. Akarudia tena ameketi. Akasema vitamini zenyewe ni za aina inayoyeyuka kwenye maji, zilizozidi zimetoka na mkojo, hazikumdhuru, na upasuaji ameuweka kando. Atampima tena mwisho wa mwezi ili kujiridhisha, ila anasema anavyoona, hakuna kitu mle ndani zaidi ya tumbo lililochoka. Akalikamata kopo tupu, akaligeuza huku na huku akitafuta neno maziwa. Akauliza, "Ningejuaje?"

Nilikuwa na hasira na wewe siku mbili nzima. Nilipanga matusi mapya kabisa, yale ya zamani niliona hayatoshi. Kisha nikakumbuka kuwa mimi nililiona gauni likipungua nikanyamaza, eti kiapo. Basi tumegawana.

Mama ameandika yake, naifunga humu. Hakunionyesha. Amelamba gundi mwenyewe na kukaa juu ya bahasha mpaka ilipokauka.

Sindano


Nyumbani, 3 Juni

Mwanangu Kitinda,

Dada yako ameniambia unalia kazini. Acha. Mtu aliyevaa koti jeupe halii, linachafuka.

Nakuandikia ili uache kubeba usichostahili. Mimi nilijua. Kidonge cha kwanza kilipovunjika mdomoni nilijua ni nini, na nilijua kitanifanya nini. Baba yenu aliniwekea dawa zangu mbali na chupa ile maisha yake yote, alinisagia zangu kwa unga wa mchele. Alikuwa akirudi mchana na vumbi lile kwenye masharubu. Msiniulize nilijuaje ladha yake.

Mwanangu, miaka tisa nimekuwa nikijaribu kuikumbuka sauti yake na haiji sawasawa. Picha zipo lakini hazisemi. Ulivyoniletea vidonge vile, nilipotafuna, akaja. Akaingia kwa mlango wa jikoni, akavua viatu, akaniuliza leo kuna nini. Kidonge kikiisha, anaondoka. Ndipo nikala kingine. Tumbo likiuma nilisema, na liume, nimeolewa naye miaka thelathini, kuumwa tumbo kidogo si kitu. Sikufikiria kwamba dada yako ananitazama nikiisha. Hilo ndilo kosa langu, nami nimemwomba radhi, ingawa alijifanya anatafuta uzi.

Na ya chai kavu, mlikuwa mkinisifu sana mkiwa wadogo. Mama mwema, Mama anatuachia. Nikaona aibu kukanusha. Baadaye nikazoea kusifiwa.

Sasa nisikilize. Mimi nilijua nikatafuna, kwa hiyo ya kwangu ni yangu. Lakini nililisoma kopo lako lote nikiwa na miwani. Mmeandika jina la kiwanda mara tatu. Mmechora jua. Yule mwingine aliyenunua, ambaye mumewe hakuwa mgawa dawa, ambaye haijui ladha ile, atajuaje? Anaumwa sasa hivi mahali fulani na anaongeza vidonge apate nguvu. Baba yako alikuwa akiandika kila kitu kwenye bahasha ya dawa, hata kama ni ya mtu asiyejua kusoma. Alisema atamkuta anayejua, amsomee.

Nimepona. Usije kwa ajili yangu. Fanya kazi hiyo kwanza.

Mama yenu


Kiwandani, 19 Agosti

Mama, shikamoo. Dada, nawe shikamoo, umsomee hapohapo kwa sauti.

Siandiki nikiwa na koti jeupe tena. Niliwaambia kwenye kikao kwamba kijazio nilikichagua mimi, kwamba nilicheka mzee mkaguzi alipouliza, na kwamba nataka kiandikwe. Meneja alisema nikitaka kuandika nikaandike vitabu. Nikamwekea mezani barua niliyoomba kwa daktari wa Mama. Mzee mkaguzi akavua miwani yote miwili, akasema kuwa hatatia saini hata kopo moja mpaka liandikwe. Wamebishana wiki tano. Mwisho wamekubali kuandika, na wamebandika tangazo madukani kwa ajili ya makopo yaliyokwisha toka. Na mimi wamenirudisha kwenye kupanga makopo kwenye maboksi. Wale wanne bado wananiita bosi, ila sasa wanacheka.

Nililia siku ya kwanza, sitadanganya. Nililipenda lile koti.

Leo mchana mlinzi akaja kusema kuna mwanamume getini ana kopo letu na anataka mtu. Meneja akasema mwambie hatupo. Nikaenda mimi. Alikuwa ni fundi baiskeli, mikono yote grisi, ameshika kopo kwa gazeti asilichafue. Aliuliza kama tangazo la dukani ni la kweli. Nikasema ni la kweli. Akasema mkewe anaumwa tumbo tangu Aprili, wameshaambiwa wajiandae kwa lolote, na yeye amekuwa akimnunulia vidonge hivi na kumlisha kwa mkono wake, kila asubuhi, akimbembeleza. Akaniuliza, "Kwa hiyo ni mimi?"

Nikamwambia, "Hapana, baba. Ni mimi."

Nikamweleza yote palepale, tumesimama, nikamwandikia jina la kijazio kwenye lile gazeti ampelekee daktari wao. Nilingoja anitukane. Alilikunja gazeti taratibu, akalitia mfukoni, akauliza njia ya mkato ya kutokea barabara kuu, kisha akaondoka mbio, baiskeli yake ameisahau getini.

Kitinda